Nyumba Moja, Lugha Nyingi: Mitambo ya Nyumbani Inaposhindwa Kusikilizana

Kila askari aliyewahi kuwekwa ghalani kuhesabu risasi anaifahamu namba 7.62. Namba hiyo hutajwa kwa risasi za bunduki ya AK-47, na hiyo hiyo hutajwa kwa risasi za bunduki ya G3. Raia asiyejua mambo ya silaha akiambiwa kwamba zote mbili ni za milimita 7.62, atadhani kwamba moja yaweza kutumika mahali pa nyingine. Askari hadanganyiki hivyo. Yeye anajua kwamba ganda la risasi ya AK-47 lina urefu wa milimita 39, na ganda la risasi ya G3 lina urefu wa milimita 51, na kwamba magazini ya hii haiingii katika ile. Kikosi kilichomo vitani kikipelekewa masanduku ya risasi zisizo zake, basi hata kama masanduku hayo yangejaza lori zima, kikosi hicho hakina risasi.

Kosa la namna hiyo, ambalo jeshini laweza kumfikisha ofisa wa ugavi mbele ya mahakama ya kijeshi, sasa linatendeka kila siku majumbani, na hakuna anayeulizwa. Watu wananunua taa zinazojiwasha, vitasa vinavyofunguliwa kwa simu, kamera za getini na ving'ora vya kuwatisha wezi. Kila kimoja kinanunuliwa mahali pake, kwa bei yake, na juu ya kila boksi imeandikwa kwamba kifaa hiki hakihitaji waya na kitaiongezea nyumba usalama. Kumbe maneno hayo ni kama ile namba 7.62: yanafanana juu ya boksi, lakini ndani ya boksi mambo ni mbalimbali.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini vifaa hivyo, ambavyo kila kimoja peke yake ni kizima, hushindwa kufanya kazi pamoja. Jambo hili lawahusu askari na polisi kuliko watu wengi wengine, kwa kuwa wao ndio wanaoziacha nyumba zao kwa miezi mingi, na wao ndio wanaoitwa usiku nyumba ya jirani inapovunjwa.

MFANO WA SAJINI

Tuchukue mfano wa Sajini mmoja wa kubuni, ambaye kama maelfu ya askari wa Uganda tangu mwaka 2007 amepata zamu ya kwenda Somalia. Kabla ya kuondoka ameamua kuiimarisha nyumba yake, ambamo atamwacha mkewe pamoja na watoto. Shemeji yake anayeishi Chicago amemletea kitambuzi cha mlangoni, yaani kile kidude kidogo kinachojua kama mlango umefunguliwa, pamoja na kituo chake cha kupokelea habari. Rafiki aliyepitia Dubai amemletea king'ora na taa nne. Kamera ameinunua mwenyewe katika duka la mjini. Kila kifaa amekijaribu peke yake, na kila kimoja kimefanya kazi vizuri. Sajini ameondoka akiwa na moyo mtulivu.

Sasa tuseme usiku mmoja, saa nane, mlango wa nyuma unasukumwa. Kitambuzi kimeona, na mara moja kimepeleka habari katika kituo chake. Kamera nayo imeona kivuli, ikaanza kupiga picha. Lakini king'ora kimya, na taa hazikuwaka. Mlinzi ameona adui, amepiga kelele, lakini askari waliolala hawakuelewa hata neno moja la kelele zake, kwa kuwa amepiga kelele katika lugha wasiyoijua.

Ndugu msomaji, katika mfano huu hakuna kifaa kibovu. Fundi akiletwa asubuhi atakipima kila kimoja na kusema ni kizima. Ubovu hauonekani kwa jicho wala kwa kipimo, kwa sababu haumo ndani ya vifaa. Umo katikati yao.

CHANZO CHA MAMBO

Fikira ya kuifanya nyumba ijiendeshe si mpya. Mwaka 1975 kampuni iitwayo Pico Electronics, iliyokuwa katika mji wa Glenrothes huko Scotland, ilibuni mtambo ulioitwa X10. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1978, mtambo huo ukaanza kuuzwa katika maduka ya Marekani. Ustadi wake ulikuwa kwamba haukuhitaji waya mpya, bali ulitumia nyaya zile zile za umeme zilizokwisha kupitishwa ukutani. Amri ya kuwasha au kuzima taa ilipita juu ya umeme wenyewe katika vijiwimbi vifupi, wakati ule ambapo mkondo wa umeme unageuka kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili.

Kila nyumba ilipewa herufi moja kati ya 16, na kila kifaa kikapewa namba moja kati ya 16, hata jumla ya anwani ikawa 256. Hesabu hiyo yatosha kabisa kwa nyumba moja. Tatizo ni kwamba umeme hauishii kwenye ukuta wa nyumba. Majirani wawili waliounganishwa kwenye transfoma moja, wakichagua herufi moja bila kujuana, mmoja aliweza kubonyeza swichi yake na taa ya mwenzake ikazimika. Aidha, katika nyumba nyingi za Marekani umeme huingia kwa njia mbili, na amri iliyotolewa upande mmoja mara nyingine haikufika upande wa pili.

Lakini upungufu mkubwa kuliko wote ulikuwa huu: mtambo wa X10 wa mwanzo ulitoa amri bila kupokea jibu. Kila mtu wa mawasiliano jeshini hufundishwa siku za kwanza kwamba ujumbe wa redio ya upepo haujakamilika mpaka upande wa pili useme umepokea. Swichi ya X10 iliagiza taa izimike, kisha ikanyamaza ikiamini kwamba imezimika. Kama kelele ya mashine nyingine ndani ya nyumba imeumeza ujumbe njiani, hakuna aliyejua. Wahandisi waliofuata waliusahihisha upungufu huo. Lakini badala ya kuusahihisha pamoja, kila mmoja aliusahihisha kwa njia yake, na hapo ndipo lugha zilipozaliwa nyingi.

LUGHA ZA LEO

Huko Ulaya, mafundi wa majengo makubwa walitumia mitambo ya waya maalumu, na kulikuwa na makundi matatu yaliyoshindana. Mwaka 1999 makundi hayo, yaani BatiBUS, EIB na EHS, yaliona kwamba ushindani wa lugha hauna faida kwa yeyote, yakaungana na kuunda lugha moja ambayo leo inaitwa KNX. Lugha hiyo imeenea katika majengo ya ofisi, lakini huhitaji fundi aliyesomea na mara nyingi waya wake wenyewe, kwa hiyo haikuingia sana katika nyumba za watu wa kawaida.

Nyumba za kawaida zilipata vifaa visivyo na waya. Kampuni ya Denmark iitwayo Zensys ilibuni lugha ya Z-Wave. Umoja wa makampuni mengi ukatoa mwaka 2004 lugha ya Zigbee. Vifaa vingine vikatumia Wi-Fi, ile ile inayopeleka intaneti katika simu, na vingine vikatumia Bluetooth. Kila lugha ina sababu yake. Wi-Fi hubeba mzigo mkubwa kama picha za kamera, lakini hula betri upesi. Zigbee na Z-Wave hubeba ujumbe mfupi tu, kama vile "mlango umefunguliwa", lakini kitambuzi chake chaweza kuishi kwa betri ndogo kwa miezi mingi au hata miaka. Hivyo basi hakuna lugha moja iliyo bora katika kila jambo, kama vile hakuna silaha moja inayofaa kwa kila kazi.

Kitambuzi cha Z-Wave hakiwezi kuzungumza na king'ora cha Zigbee hata vikiwekwa juu ya meza moja vikigusana. Hilo ni rahisi kulielewa. Lakini kuna jambo la hila zaidi. Hata vifaa vya lugha moja viliweza kushindwa kuelewana. Kwa miaka mingi lugha ya Zigbee ilikuwa na lahaja: taa zilitengenezwa kwa lahaja moja, na vifaa vingine vya nyumbani kwa lahaja nyingine. Mnunuzi aliona neno Zigbee limeandikwa juu ya maboksi yote mawili, akalipa fedha zake, na akifika nyumbani taa haikukubali kusajiliwa. Toleo la 3.0 la lugha hiyo lilikuja kuzikusanya lahaja hizo pamoja, lakini vifaa vya zamani bado vimo katika majumba na katika maduka ya mitumba.

Tena iko hila nyingine isiyotokana na ufundi bali na biashara. Mwezi Desemba 2015, kampuni ya Philips ilibadilisha programu ya taa zake za Hue, na taa za makampuni mengine zilizokuwa zikifanya kazi katika mtambo huo zikakataliwa. Wateja walilalamika kwa sauti kubwa, na baada ya siku chache kampuni ikaurudisha nyuma uamuzi wake. Jambo lilikwisha kwa amani, lakini funzo lilibaki: vifaa vinavyoelewana leo vyaweza kuamriwa kesho visielewane, na amri hiyo isitolewe na mwenye nyumba.

MASAFA NA UMEME WA NCHI ZETU

Turudi kwa Sajini wetu na zawadi ya kutoka Chicago. Wengi wa jamaa zetu walioko ng'ambo hutuma vifaa hivi kwa moyo mwema, wasijue kwamba mawimbi ya redio yana mipaka kama nchi zilivyo na mipaka. Vifaa vya Z-Wave vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hurusha mawimbi kwenye masafa ya megahezi 908.42. Vile vya Ulaya hutumia megahezi 868.42. Redio ya kifaa imefungwa kiwandani kwenye masafa ya soko lake, na mwenye nyumba hawezi kuigeuza kwa kubonyeza kitufe.

Mambo mawili yatokea hapo. La kwanza, kifaa cha Marekani na kifaa cha Ulaya, ingawa vyote viwili vina jina moja la Z-Wave, haviwezi kusikiana, kama redio mbili za upepo zilizowekwa kwenye chaneli mbalimbali. La pili ni kubwa zaidi. Katika nchi zetu, kama ilivyo Ulaya, megahezi 890 hadi 915 zimo katika masafa ya simu za mkononi, na ni kwa njia hiyo simu hupeleka sauti yake kwenye mnara. Kitambuzi cha Chicago kinapiga kelele ndani ya njia ya simu. Kifaa ni kidogo na nguvu yake ni ndogo, lakini sheria ya masafa haiulizi ukubwa wa kifaa, na polisi wanaoisimamia sheria wasiwe wa kwanza kuivunja bila kujua.

Zigbee na Wi-Fi nazo hugombana kwa namna yao. Zote mbili hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 2,400, ambayo yanatumika ulimwenguni kote. Zigbee ina chaneli 16 katika masafa hayo, lakini chaneli moja ya Wi-Fi ni pana kiasi cha kufunika chaneli kadhaa za Zigbee kwa pamoja. Kituo cha Zigbee kikiwekwa juu ya kabati lile lile penye mtambo wa Wi-Fi, huwa kama mtu anayenong'ona kando ya ngoma. Ujumbe wa taa hufika leo, kesho usifike, na mwenye nyumba hulaumu taa. Dawa yake ni rahisi: kuvitenganisha vituo hivyo viwili kwa mita kadhaa, na kuchagua chaneli zisizofunikana.

Zaidi ya hayo kuna umeme wenyewe. Nyumba za Marekani hupata volti 120, nasi hupata volti 240. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 120 tu, kikichomekwa ukutani kwetu, hakitatoa onyo. Kitatoa moshi. Kabla ya kuchomeka kitu chochote kutoka huko, msomaji asome maandishi madogo yaliyo nyuma ya kifaa. Ikiwa yameandikwa volti 100 hadi 240, ni salama. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, kisichomekwe.

MANAHODHA WENGI

Tuseme sasa vifaa vyote vimeweza kuwasiliana, kwa kuwa mwenye nyumba amenunua mkalimani, yaani kituo kinachojua lugha mbili au tatu. Bado hatari moja imebaki. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Kila mtambo huja na kamanda wake na ratiba yake. Programu ya taa imeambiwa izime taa zote saa nne usiku. Programu ya kamera imeambiwa iwashe taa ya uani kila inapoona kitu kinatembea. Taa inazimwa na kamanda wa kwanza, kivuli cha taa kinapotoweka kamera inadhani kitu kimetembea, kamanda wa pili anaiwasha tena, na hivyo hivyo mpaka asubuhi. Kamanda wa kwanza hakukosea, wala wa pili hakukosea. Kosa ni la yule aliyeweka makamanda wawili juu ya askari mmoja.

Saa nazo huleta fitina. Kifaa kilicholetwa kutoka ng'ambo chaweza kuwa bado kinafuata saa ya huko. Wakati wa Afrika Mashariki umetangulia saa tatu mbele ya saa ya kimataifa inayotumiwa na mitambo mingi ya mawasiliano. Ikiwa kamera inahesabu kwa saa ile na kitambuzi kwa saa hii, basi tukio moja la usiku litaandikwa kana kwamba ni matukio mawili yaliyoachana kwa saa tatu. Ofisa wa upelelezi atakayechukua picha hizo kama ushahidi aanze kwa kuuliza kila kifaa kilikuwa kinafuata saa gani, la sivyo wakili wa mshitakiwa atamuuliza yeye mahakamani.

MAKAO MAKUU YALIYO MBALI

Wengi hawajui kwamba katika mitambo mingi ya bei nafuu, amri ya kuwasha taa haitoki sebuleni kwenda jikoni moja kwa moja. Hutoka sebuleni, ikapanda katika intaneti mpaka kwenye seva za kampuni huko ng'ambo, kisha ikarudi jikoni. Umbali huo wa maelfu ya kilomita hauonekani, kwa kuwa safari ni ya kufumba na kufumbua. Huonekana siku bando la intaneti linapokwisha, au mnara unapozimika kwa kukosa umeme. Siku hiyo swichi na taa, ambazo zinatazamana katika chumba kimoja, hazijuani tena. Na ukalimani nao mara nyingi hufanyika huko huko mbali: mtambo wa kampuni moja unazungumza na mtambo wa kampuni nyingine kupitia seva zao mbili, na kukatika kwa yoyote kati ya hizo kunakata mawasiliano ya nyumba nzima.

Lakini ya bando ni madogo. Kubwa ni siku ambapo makao makuu yenyewe yanafungwa. Kampuni ya Revolv ya Marekani iliuza kituo kilichosifiwa sana kwa sababu kiliweza kuzungumza na vifaa vya lugha mbalimbali. Bei yake ilikuwa kama dola 300. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Nest iliyokuwa mali ya Google, na mwezi Mei 2016 seva zake zikazimwa. Vituo vyote vilivyokuwa majumbani vikageuka kuwa vijiboksi vya plastiki. Mwaka 2019 duka kubwa la Lowe's nalo lilifunga mtambo wake ulioitwa Iris. Mwezi Aprili 2022 seva za kampuni ya Insteon zilizimika bila wateja kuonywa. Mwaka huo huo kundi la wateja lilijikusanya, likainunua kampuni na kuzifufua seva.

Tofauti moja yafaa ishikwe katika habari hiyo ya Insteon. Wateja wengi wa Insteon, hata katika zile siku za giza, waliendelea kuwasha taa zao kwa swichi za ukutani, kwa kuwa vifaa hivyo vilijua kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba. Kilichokufa ni amri za kupitia simu. Wale wa Revolv hawakuwa na bahati hiyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nyumba inayotegemea seva ya mbali kwa kila amri ni kikosi ambacho hakiwezi kufyatua risasi hata moja mpaka kipige simu ng'ambo.

LINDO DHAIFU

Askari anajua kwamba adui haangalii lindo lililo imara. Hulizunguka kambi mpaka alipate lile lililolala. Nyumba yenye mitambo mitano ina milango mitano ya intaneti, na nywila tano. Mwenye nyumba huchoka, akabadilisha nywila ya kwanza na ya pili, zile nyingine akaziacha kama zilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu ya uharamia iliyoitwa Mirai ilizunguka ulimwengu mzima ikijaribu nywila za kiwandani tu, na kwa njia hiyo ikateka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vingine vya nyumbani na ofisini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi maarufu za Marekani zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua hata kidogo kwamba walinzi wao walikuwa wamehama upande.

Kwa hiyo kuchanganya mitambo mingi kunaleta usumbufu na vilevile kunaongeza idadi ya malindo, na kila lindo linadai mlinzi wa kulikagua.

LUGHA YA AMRI

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa kwa mapana dawa ya maradhi haya, maana wao wenyewe wanaishi ndani ya dawa hiyo. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902 kilikusanya watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki na ya Kati, na batalioni yake ya nne ilikuwa ya Uganda. Mwacholi, Mlugbara, Mnyankole na Mganda walisimama katika mstari mmoja. Kiswahili kikawa lugha ya kambini. Hakuna aliyeambiwa aisahau lugha ya mama yake. Aliambiwa tu kwamba kwenye gwaride na vitani amri itatolewa kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Ukurasa huu unaousoma sasa ni mjukuu wa uamuzi huo.

Watengenezaji wa vifaa vya nyumbani walichukua muda mrefu kufikia fikira hiyo hiyo. Mwezi Desemba 2019 makampuni ya Amazon, Apple na Google, ambayo yalikuwa mahasimu katika soko hili, yalitangaza pamoja na umoja wa Zigbee kwamba yatatengeneza lugha moja ya amri. Lugha hiyo iliitwa Matter, na toleo lake la kwanza lilitolewa mwezi Oktoba 2022. Kifaa chenye alama ya Matter chaweza kuamriwa na kituo cha kampuni yoyote kati ya hizo, na amri yake yaweza kupita ndani ya nyumba bila kwenda kwanza ng'ambo. Hayo ni maendeleo ya kweli, na yanastahili kusifiwa.

Hata hivyo mpaka wa sifa hiyo yafaa uonyeshwe. Kujua Kiswahili cha gwaride si kujua Kiswahili chote. Toleo la kwanza la Matter lilikuwa na maneno ya taa, soketi, vitasa, mapazia na vitambuzi vya milango, lakini halikuwa na maneno ya kamera. Matoleo yaliyofuata yameendelea kuongeza maneno, lakini kituo kilichonunuliwa zamani hakielewi maneno mapya mpaka kampuni yake ikifundishe, na makampuni hayafundishi kwa mwendo mmoja. Kadhalika, taa yaweza kuwasha na kuzimika kwa lugha ya wote, huku ufundi wake mwingine ukibaki katika lugha ya kiwanda chake peke yake. Na vile vifaa vya zamani vya Zigbee na Z-Wave havigeuki kuwa vya Matter kwa kutamani. Vinahitaji mkalimani, na mkalimani ni mtu mmoja zaidi wa kulishwa, kulindwa na kuulizwa maswali.

YAFAAYO KUFANYWA

Basi askari anayetaka kuiimarisha nyumba yake afanye nini? Asianze dukani. Aanze kwa kuandika kazi anazotaka zifanyike, kwa mpango ule ule wa kuandika amri ya operesheni: mlango wa nyuma ukifunguliwa usiku, king'ora kilie, taa ya uani iwake, na simu ya mama wa nyumbani ipate habari. Akisha kuandika hivyo, achague kwanza lugha moja na kituo kimoja cha amri, ndipo anunue vifaa vinavyoielewa lugha hiyo. Kifaa kizuri cha lugha nyingine akiache dukani, hata kama ni cha bei ya chini. Zawadi ya ng'ambo aipokee kwa shukrani, lakini aikague volti na masafa kabla ya kuipa zamu.

Pili, amuulize muuzaji maswali matatu bila haya. Je, kifaa hiki chafanya kazi intaneti ikikatika? Je, umeme ukirudi baada ya kukatika, kitarudi katika hali gani? Je, kampuni iliyokitengeneza ikifungwa, nitabaki na nini mkononi? Muuzaji asiyeweza kujibu hajui anachouza.

Tatu, afanye zoezi. Usiku mmoja kabla ya safari, auzime mtambo wa intaneti, aufungue mlango wa nyuma, asikilize. Kisha auzime umeme, aufungue tena, asikilize. Zoezi hilo ni la nusu saa, na Sajini wetu angalilifanya, king'ora kingalimwonyesha ububu wake mbele ya macho yake, si mbele ya mwizi. Mkewe naye awepo, ashike mwenyewe vitufe hivyo kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa kamanda wa nyumba hiyo kwa muda wote mume akiwa mbali. Mtambo unaoeleweka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko Mogadishu, si ulinzi.

Nne, nywila zote zibadilishwe na ziandikwe mahali pa siri panapojulikana na watu wawili. Na saa za vifaa vyote zilinganishwe, kama maofisa wanavyolinganisha saa zao kabla ya kuanza operesheni.

Mwisho, komeo la chuma libaki mlangoni na ufunguo wake ubaki mkononi mwa mama wa nyumba. Jirani mwema aendelee kuamkiwa kila asubuhi, na namba ya kituo cha polisi kilicho karibu ibandikwe ukutani. Ulinzi wa namna hiyo hautumii masafa wala seva, na usiku ule ambao mitambo yote itakosana, ndio utakaobaki zamu.